Jibu: Nyumba Majengo bei nafuu, ninunue?

Salama ndugu. Umeuliza kwa nini nyumba ile ya vyumba sita Majengo inauzwa rahisi hivyo, na utawajuaje majirani kabla hujahamia.

Kwanza muulize muuzaji: anauza nyumba na ardhi, au nyumba pekee? Hapa Mombasa kuna mtindo wa zamani wa nyumba bila ardhi, na huenda ndio sababu ya bei hiyo. Jengo lako, kiwanja cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Hati miliki hupati, unabaki na mkataba wa mauziano tu, na ukitaka kupandisha ghorofa lazima mwenye kiwanja akubali. Chukua nambari ya kiwanja, wakili afanye sachi afisi ya ardhi, yaani atazame kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani, karatasi uisome mwenyewe. Nyumba niliyoifuata Kisauni, jina kwenye sachi halikuwa la muuzaji wala la ukoo wake. Nikaondoka. Arbuni usitoe kabla ya hapo, tafadhali.

Ikiwa ni ya mirathi, warithi wote watie saini, dada zao wakiwemo. Ikiwa ina hati, tenga asilimia 4 ya thamani yake kwa ushuru wa stempu.

Majirani: nenda baada ya magharibi, msalimie mzee wa mtaa, ukae barazani nao. Uliza maji ya mfereji hutoka siku gani na kisima kina chumvi kiasi gani. Wakishakuzoea, watakwambia wenyewe kama nyumba ina kesi. Mimi mpaka wa kiwanja nilionyeshwa na mama muuza mahamri wa jirani.