Ulimuuliza Mwenyewe? Maneno kwa Wanakamati Wapya wa Haki na Amani

Wiki iliyopita tulipata padre mpya. Jumamosi Askofu alimwekea mikono kichwani bila kusema neno, mapadre wakafuata mmoja mmoja, na uwanja mzima ukanyamaza hadi ukasikia turubai la hema likipigwa na upepo. Jumapili tukaenda nyumbani kwao kwa Misa ya shukrani. Nimeitumikia kamati ya Haki na Amani, inayowasaidia waliodhulumiwa, kwa zaidi ya miaka ishirini katika Jimbo hili Katoliki la Nakuru, na sherehe za namna hii nimehudhuria nyingi. Bado hulia kila mara padre mpya anapompa mama yake baraka ya kwanza.

Lakini macho yangu yaliwaona na ninyi, wanakamati wapya. Mmoja alikuwa anamsihi msema chochote (MC) ampe mheshimiwa nafasi "ya dakika mbili tu". Mwingine alikuwa anamsukumia padre mpya karatasi, eti asome madai yetu kabla ya baraka ya mwisho. Wa tatu alikuwa amemwelekezea simu yule binti aliyefukuzwa kazi za nyumbani bila mshahara wa miezi minne, anamrekodi akilia. Nawapenda, wanangu. Mmejitolea wakati ambapo wenzenu wengi wameona kamati yetu ni ya kutafuta maadui. Ndiyo maana siwezi kusubiri mkutano wa robo mwaka.

1. Daftari kwanza.

Andikeni tarehe, saa, mahali, nani aliona kwa macho yake na nani alisikia kwa jirani. Mtu akipigwa, nambari ya OB, lile daftari la matukio la polisi, ipatikane siku hiyo hiyo, na fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe kabla majeraha hayajapona. Shamba likigombaniwa, fanyeni sachi kwanza, yaani mkaulize kwenye ofisi ya ardhi limeandikwa kwa jina la nani, maneno baadaye.

Najua wengine mnaona daftari ni kazi ya karani. Padre John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, alikaa na watu waliofukuzwa makwao katika kambi ya Maela kule Naivasha mwaka 1994. Miaka mitano baadaye alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi iliyochunguza vita vya kikabila, akaeleza aliyoyaona na kutaja majina ya wakubwa. Tarehe 24 Agosti 2000 mwili wake ulikutwa kando ya barabara yetu hii ya Nakuru kwenda Naivasha. Ikasemwa kwamba alijiua. Maaskofu hawakukubali, wala familia yake, na mwaka 2007 mahakama iliyochunguza kifo chake ikaamua kwamba aliuawa. Hesabuni miaka hiyo. Ushahidi hukaa muda mrefu kuliko hasira, kwa hiyo uandikeni vizuri.

2. Muulizeni mwenyewe.

Hapa nitakaa, kwa sababu jambo hili nililijifunza kwa gharama iliyolipwa na mtu mwingine.

Mwaka 2011 mama mmoja mjane wa upande wa Molo alikuja ofisini kwetu ameshika mfuko wa sukari wa kilo mbili. Ndani yake alikuwa ametia cheti cha kifo cha mumewe, kadi ya kliniki ya kitinda mimba wake na risiti za karo zilizokunjwa hadi zikachakaa kwenye mikunjo. Hati ya shamba haikuwamo. Hati ilikuwa kwa shemeji yake, na shemeji huyo alikuwa amepanda viazi kwenye ekari zote mbili na nusu, hadi ukingoni mwa kaburi la marehemu. Mama aliongea kwa sauti ya chini: "Katibu, sitaki vita. Nionyeshe tu nianzie wapi."

Nikamweleza. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inasema kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai. Akauliza kama kesi ni lazima ianze na barua ya chifu. Nikamwambia ndiyo, barua hiyo ndiyo inayowataja warithi. Akanyamaza. Chifu na shemeji walikuwa wanakula sahani moja, na nilijua.

Majuma mawili baadaye kijana wa kigango cha mama yule, yaani kanisa dogo la parokia, akapewa daraja ya upadre, na sherehe ya shukrani ikafanyika kwao. Shemeji alikuwa ametoa ng'ombe. Aliketishwa mstari wa mbele, akatajwa kati ya wafadhili, akasimama kupunga mkono huku vigelegele vikipigwa. Nami nilikuwa nimepewa dakika tatu kusoma salamu za kamati. Nilipomwona anapunga mkono ule, damu ilichemka. Nikaiweka karatasi chini. Nikasema kwamba ng'ombe tunayemla amenenepea kwenye shamba la mjane. Nikalitaja jina la mwanamume yule. Kisha, ili watu wasidhani nimebuni, nikalitaja na jina la mama.

Watu walipiga makofi. Makofi yale yananiuma kuliko kitu chochote, kwa sababu nilipoyasikia nilidhani ni haki inatendeka.

Mama alikuwa kwenye hema la akina mama, amepakata sinia la chapati za kugawia wageni. Jina lake liliposikika kwenye spika hakuinua uso. Aliivuta leso yake kutoka mabegani hadi kichwani, akaishusha mpaka ikaziba macho, akabaki ameketi hivyo na sinia mapajani. Walioketi karibu naye wakasogea kando kidogo kidogo, mpaka viti viwili kila upande vikabaki wazi.

Usiku ule ua wake uling'olewa na ng'ombe wake wa pekee akafunguliwa. Shuleni watoto wake wakaitwa "watoto wa kesi". Chifu alikataa kuandika ile barua kwa miezi minane, akisema hawezi kumhudumia mtu anayemwaga siri za boma mbele ya Askofu. Askofu hata hakuwepo siku hiyo.

Padre mpya hakunikemea mbele za watu. Jioni, hema zilipokuwa zinakunjwa, alitembea na mama yake mzazi hadi nyumbani kwa mjane. Wakala ugali na sukuma, wakasali rozari, akawawekea watoto mikono vichwani. Hiyo ndiyo iliyokuwa ziara yake ya kwanza kama padre. Kesho yake akaniita nyuma ya sakristia. Kwa umri angeweza kuwa mwanangu. Akauliza, "Katibu, ulimuuliza mwenyewe?" Nikaanza kumweleza habari za nabii Eliya na Mfalme Ahabu. Akaningoja nimalize, kisha akalirudia swali lile lile.

Tangu siku hiyo nimeisoma 1 Wafalme 21 mara nyingi, polepole. Eliya alitumwa amkabili Ahabu, aliyelitwaa shamba la Naboti baada ya Naboti kuuawa, ndani ya shamba lenyewe, pale dhuluma ilipotendeka. Aliyetumia mkutano wa hadhara katika sura ile ni Yezebeli, mke wa Ahabu: aliagiza mfungo utangazwe na Naboti aketishwe mbele ya watu, kisha mashahidi wa uongo wakaletwa. Miaka mingi nilikuwa nimesoma sura ile nikijiweka upande wa Eliya.

Msinielewe vibaya, simwambii mtu anyamaze. Askofu Raphael Ndingi, aliyeliongoza jimbo letu kuanzia 1971 hadi 1996, alisema waziwazi nyumba zilipokuwa zikichomwa Molo na Olenguruone. Alisema kwa jina lake mwenyewe, dhidi ya wenye nguvu, na hatari ya maneno yale ilikuwa juu yake. Mimi nilisema kwa jina la mama, na hatari ikamwangukia mama, nami nikapanda matatu nikarudi Nakuru mjini kulala.

Tulianza upya. Nilimwomba msamaha nyumbani kwake, na alichukua muda kunijibu, na ilikuwa haki yake. Kisha akina mama wanne wa jumuiya yake wakawa wanamsindikiza kwa chifu kila Jumanne. Hawakubishana na mtu. Waliketi kwenye benchi la nje wakifuma sweta, wanne, kila Jumanne, asubuhi hadi saa saba, wakimsalimia chifu kwa heshima zote kila alipopita. Sijaona jeshi lenye nguvu kama lile. Barua ilitoka. Kesi ikafunguliwa, tangazo likakaa siku 30 kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, tukangoja miezi 6 ya kuthibitisha urithi, mapingamizi yakaja, tarehe zikaahirishwa. Mwaka 2015 alishika hati yenye jina lake. Kama ningelimuuliza siku ile, angeliniambia kwamba alikuwa anangoja sherehe ipite ili mama yake padre amwombee kwa chifu. Ndivyo alivyokuwa amepanga.

3. Msimwambie mdhulumiwa "samehe tu, uombe".

Hili linanikera. Mwanamke anakuja na jicho limevimba, na mwanakamati anamfungulia Mathayo 18 na kumtuma akaongee na mumewe "wewe na yeye peke yenu". Maneno yale Yesu aliyasema kuhusu ndugu kumrudisha ndugu. Hakuna mahali alipomwamuru aliyepigwa arudi peke yake kwa anayempiga. Na yule mjane wa Luka 18 mnayemsoma kwenye jumuiya, kumbukeni alikuwa anaenda wapi kila siku: kwa kadhi. Yesu alipotaka kutufundisha kusali bila kukata tamaa alitupa mfano wa mwanamke mwenye kesi. Kusali na kufuata faili kortini vilikuwa kitu kimoja kwake, na viwe kitu kimoja kwenu. Kabla ya kwenda kwa chifu, salini. Mkitoka kwa chifu, salini, na msali pia kwa ajili ya anayedhulumu, kwa jina lake, hata kama ulimi unakuwa mzito. Mimi yule shemeji ilinichukua mwaka kumtaja katika sala bila kusaga meno. Alipougua, mama mjane ndiye aliyempelekea uji.

4. Mheshimiwa akae kwenye kiti kama waamini wengine.

Maaskofu walishasema tangu 2021 kwamba kanisa si jukwaa la siasa, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akaagiza hata mchango wa Rais urudishwe. Hakuna la kuongeza.

5. Mwacheni padre mpya awe padre.

Mikono ile bado inanukia krisma, yale mafuta matakatifu aliyopakwa. Jumamosi alilala kifudifudi sakafuni huku tukiwaita watakatifu wote kwa litania, akaweka mikono yake ndani ya mikono ya Askofu akaahidi utii, na miaka ya malezi aliyoipitia mnaijua. Kisha siku moja baadaye mnamsukumia karatasi ya madai! Madai yenyewe ni ya kweli, nimeyasoma. Pelekeni kwa baba paroko na kwa ofisi ya jimbo, yakiwa na sahihi. Padre mpya mpeni muda awajue watu, ale kwao, azike wafu wao. Januari 2008 padre wa jimbo letu, Michael Kamau, aliyekuwa mlezi katika seminari ya Tindinyo, aliuawa kwenye kizuizi cha vijana barabarani. Upadre katika nchi hii umeshagharimu damu, na kijana wetu alilijua hilo alipoitikia "Nipo hapa". Hahitaji sisi tumsukume kwenye hatari kabla hajajifunza majina ya vigango vyake. Mshangilieni. Chezeni, pigeni vigelegele, mpelekeeni mbuzi. Watu waliodhulumiwa nao wana haki ya kuwa na siku moja ya kula na kufurahi bila kuwa kesi ya mtu.

Sasa nimalizie na yule wa simu.

Jumapili yule mama wa Molo alikuwepo. Alikuja na gunia la viazi kwa ajili ya padre, kutoka kwenye zile ekari mbili na nusu. Nilikuwa kwenye foleni ya chakula aliponishika kiwiko, akanionyesha kwa kidevu kule binti alikokuwa amesimama na simu yako iko mbele ya uso wake. Alisema neno moja tu: "Mwendee." Nilipofika ulikuwa umeshairusha ile video kwenye vikundi vitatu vya WhatsApp, na chini yake umeandika mtaa anakokaa mwajiri wake.

Ndugu yangu, unajijua. Nimekupigia mara mbili hukushika. Ifute, uviombe vile vikundi vyote vitatu viifute, na Jumatano saa nne tukutane ofisini twende kwa binti. Mama wa Molo amekubali kutusindikiza. Simu utaiacha kwenye droo yangu. Daftari njoo nalo.