Je, nywele zinaweza kufichua zebaki mwilini?

Swali: Mume wangu husafisha dhahabu kwa zebaki hapa Busia, Uganda. Muuzaji wa virutubisho anataka kumpima nywele ili aone sumu na upungufu wa madini. Tukubali?

Jibu: Dada yangu, msilipe. Nywele, ambazo hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, huonyesha vizuri zebaki itokanayo na kula samaki, lakini mvuke anaouvuta mumeo anapochoma dhahabu hupimwa kwa mkojo, na madini ya risasi, sumu nyingine, hupimwa kwa damu. Kuhusu upungufu wa madini, kipimo hicho hakiaminiki, kwa kuwa rangi, shampuu na hata vumbi la mgodini hubadilisha matokeo. Nami namtilia shaka mpimaji ambaye ndiye muuzaji. Mwoneni daktari, hasa mikono ikitetemeka, na uchomaji usifanyike kamwe jikoni penye watoto.