Wadogo zangu mnaoingia wodi ya watoto, mvueni mtoto nguo kwanza

Jana kwenye raundi nimesikia tena "mtoto kaishiwa maji, tumeanza Mpango C", yaani maji mengi ya haraka mshipani, nikauliza MUAC ngapi (mzunguko wa mkono wa juu, kipimo cha utapiamlo), kimya. Usingizi umegoma jamani, acha niandike.

1. Dozi piga kwa uzito uliopima mwenyewe, sio wa kukadiria kwa macho.

2. Hili sasa ni langu. Nikiwa intani, daktari bado niko mafunzoni, usiku, wodi imejaa, nikapokea mtoto wa mwaka na nusu anaharisha siku ya tatu. Macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, na mimi jedwali la Mpango C nimelikariri: ml 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, kisha 70 kwa masaa mawili na nusu. Sista akaniuliza, "Daktari, mkono umeupima?" Nikamwambia tutapima baadaye, nikafungua dripu. Mama mtu alishasema mara mbili kwamba mwanae amekwisha mwili tangu aache ziwa, sikuandika popote. Haikupita saa mtoto anahema mbiombio, nagusa ini limeshuka vidole vitatu chini ya mbavu. Sista ndo aliifunga ile dripu kwa mkono wake, hakungoja ruhusa yangu. Tukafungua blanketi: mbavu unazihesabu, ngozi ya makalio imekunjamana inaning'inia, MUAC sentimita 10.4. Utapiamlo mkali! Ngozi ya mtoto kama yule inarudi polepole hata akiwa na maji ya kutosha, na moyo wake ulikuwa dhaifu mno kwa mzigo niliomwagia. Shoki (mzunguko wa damu kuporomoka) hakuwa nayo, alitakiwa ReSoMal, yale maji ya chumvi na sukari ya watoto wenye utapiamlo, kidogo kidogo kwa mdomo, basi. Alipona. Mama yake akanishukuru mimi, badala ya sista, nami nikapokea zile shukrani nikanyamaza. Hapo ndo panaponiuma mpaka leo.

3. Vitabu vingi tunavyosomea vinadhani ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, iko mlango wa pili. Someni utafiti wa FEAST wa 2011, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu: waliomiminiwa maji ya haraka mshipani walikufa wengi kuliko ambao hawakumiminiwa. Na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa kabisa kwenye utafiti ule. Mwongozo wa nchi yako usome mpaka viambatisho.

4. Sista akikuuliza swali, weka kalamu chini umjibu.

Kesho nakuja na mikanda ya MUAC mfukoni, kila mmoja achukue wake kabla hatujafika kitanda cha kwanza.