Mshono wa robo inchi kwenye vipande vya kitenge

Dada, umesema vipande viwili vya inchi 4 ukiviunga unapata inchi 7 na robo badala ya 7 na nusu, maana mshono unatakiwa kula robo inchi tu ya ukingo wa kila kipande. Mshono wako ni mnene: kila upande unakula nusu ya robo inchi ya ziada. Kwa blanketi lenye vipande kumi kwa safu, utapoteza zaidi ya inchi 2!

Kata vitambaa vitatu vyembamba vya upana wa inchi 1 na nusu, uviunge, upige pasi, kisha pima cha katikati. Lazima kiwe inchi 1 kamili. Kikipungua, shona ukilaza ukingo karibu zaidi na sindano, halafu bandika selotepu kwenye cherehani pale ukingo unapopita. Mimi bila hiyo selotepu sishoni.

Pasi nayo usiiburute, kitenge kinavutika. Ishushe juu ya mshono vipande vikiwa bado vimelaliana, inyanyue, ndipo ufungue na kulaza mshono upande wa rangi iliyokolea. Safu ya pili laza upande wa pili, makutano yatakaa pamoja bila kivimbe. Na kitenge kipya kifue kwanza, tafadhali.