Ndiyo, Jumamosi tuligeuza njiani, na nitageuza tena

Juzi nimepata meseji ya mteja mmoja wa siku nyingi, kaandika hivi: "Kaka, mlitutangazia matengenezo Jumamosi usiku, Jumapili mkasema mmeahirisha mpaka Jumatano. Mlishindwa nini?"

Nikasoma, nikaweka simu chini, nikaichukua tena. Mlishindwa. Neno limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, maana usiku ule wa Jumamosi mi naihesabu ndo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya tangu nianze kushika seva za watu, na uzuri wake ni kwamba hakuna aliyeona kitu.

Sasa ngoja nieleze, na we unayetaka kufungua kampuni yako ya hostingi, yaani kutunza tovuti na imeili za watu (najua mko wengi, inboksi yangu inajua) kaa usikilize.

Miaka mitatu nyuma nilipewa kazi ya kuhamisha seva ya imeili, akaunti 400 na ushee. Ya zamani diski zilikuwa zimechoka, kila siku logi, daftari la matukio ya seva, inalalamika, na mpya ilishanunuliwa iko pale inasubiri. Nikawaandikia wateja kwamba kuanzia saa 6 usiku mpaka saa 11 alfajiri huduma itasimama. Mpango nilikuwa nao, tena mzuri tu, ila ulikuwa kichwani. Sikuandika popote.

Kitu ambacho hawakuambii ni kwamba kwenye seva nyingi za imeili kila ujumbe ni faili lake peke yake. Kwa hiyo unaangalia unaona GB 200, unasema ah, hii ni kazi ya saa mbili, kumbe ndani yake kuna mamilioni ya vifaili vidogovidogo na rsync, ile programu ya kunakili mafaili, lazima ipite kimoja kimoja, we umebadilika? na we? na we? Saa 8 ilikuwa bado inaulizana na mafaili. Saa 9 nikachungulia skrini, inakwenda kwa alfabeti, imefika kwenye akaunti zinazoanza na K. Nikapiga hesabu, saa 11 hatufiki, hata tukikimbia.

Pale ndo palikuwa mahali pa kugeuza. Seva ya zamani, pamoja na uchovu wake, ilikuwa nzima, ningeiwasha tu, ningeandika samahani tumeahirisha, nikalala. Lakini nikajiambia nimeshafika mbali, na kichwani ikaanza kupiga ile methali, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Jamani, kwenye seva methali hiyo ni sumu. Maji ukiyavulia nguo ukakuta yana mamba, nguo zinavalika tena!

Sikuzivaa. Saa 11 ikafika, nikawasha seva mpya ikiwa nusu, nikisema zilizobaki zitaingia kidogokidogo watu wakiendelea kutumia.

Asubuhi ikaja na mambo yake. Skripti yangu, yaani kijiprogramu nilichoandika, ilikuwa inaunda akaunti moja moja kadiri folda zake zinavyofika, maana yake kuanzia herufi L kwenda mbele seva mpya haikuwajua watu. Na seva ikiletewa barua ya mtu isiyemjua inajibu namba 550, huyu hayupo hapa. Elewa vizuri hapa maana ndo roho ya hadithi yote. Seva ikizimwa kabisa, aliyetuma anaiweka barua kwenye foleni anajaribu tena baadaye, mwongozo wa SMTP, ile lugha ya seva kupelekeana imeili, unashauri asikate tamaa mpaka zipite siku 4 au 5 hivi. Namba zinazoanza na 4 nazo ni hivyohivyo, rudi baadaye. Lakini inayoanza na 5 ni mlango umefungwa kwa komeo, barua inarudi kwa mwenyewe papo hapo na hakuna anayejaribu tena. Yaani ningelala fofofo seva zote mbili zimezimwa nisingepoteza hata barua moja. Nilizipoteza kwa sababu nilikuwa macho nafanya kazi.

Na wale wa A mpaka K nao hawakupona. Simu zao na laptopu zao ziliona hili ni sanduku jipya, zikaanza kushusha kila kitu upya, barua za miaka na miaka, mamia ya watu kwa wakati mmoja, juu ya diski ambazo bado zinapokea mafaili kutoka seva ya zamani. Ikawa mashine haisogei. Tulimaliza saa 1 usiku, saa 14 nzima tangu niwashe. Sisi tulikuwa tunajitangaza kwa ile asilimia 99.9 ambayo kila kampuni inaiweka ukurasa wa kwanza, na ukiihesabu kwa mwaka inakupa kama saa 8 na dakika 45 tu za kuzimika. Siku ile moja nilikula mgao wa mwaka ule nikaingia na wa mwaka uliofuata.

Kuna mama mmoja alikuwa anasubiri jibu la zabuni. Jibu lilitumwa asubuhi ileile. Jina la kampuni yake linaanza na T. Waliotuma wakaambiwa anwani hiyo haipo, nao wakaona basi, kampuni imekufa, wakaenda kwa mwingine. Alipojua alituandikia tiketi ya malalamiko ya maneno matatu, "Bora mngezima kabisa", kisha akahama. Hakuwa fundi na hakujua kitaalamu alikuwa sahihi kiasi gani. Ile tiketi niliisevu na bado ninayo.

Bosi naye aliniita mbele ya watu akaniuliza, ulikuwa umelala? Sikuwa nimelala, na hilo ndo lilikuwa tatizo, lakini sikujibu. Mpaka leo nikikumbuka nyuso za wenzangu walivyoangalia chini napata joto la masikio.

Na usidhani ni mimi peke yangu mjinga. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni inayotunza kodi za programu za watu, usiku, kachoka, anahangaika na hifadhidata, akafuta folda kwenye seva isiyo yenyewe. Alipogundua na kusimamisha, kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5. Wakageukia bakapu zao, aina tano, hakuna iliyokuwa inafanya kazi ipasavyo, wakaokolewa na kopi iliyotengenezwa kwa bahati tu saa 6 kabla. Walichonifurahisha ni kwamba waliandika yote hadharani, hata mimi nikajifunza. Usiku wa manane kichwa hakina akili, hata cha GitLab.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, nitaurudia mpaka uchoke. Kabla hujagusa seva andika saa ya kugeuza. Andika kwenye karatasi, kwa kalamu, sio kichwani. Halafu mpe mtu ambaye hatagusa kibodi usiku huo, yeye ndo aseme geuza, maana we utakuwa umeshalewa kazi na kila dakika utasema bado kidogo. Saa ya kugeuza iwe inakuachia muda wa kurudisha kila kitu kabla muda uliowatangazia wateja haujaisha. Na kwenye DNS, daftari la mtandao linaloonyesha jina lako liko seva gani, TTL (sekunde ambazo wengine wanakariri jibu hilo) zishushe siku mbili kabla, kutoka 86400 mpaka 300, sio saa moja kabla kama nilivyofanya mimi. Mengine utayasoma popote. Saa ya kugeuza. Andika.

Sasa Jumamosi, tunahamisha seva ya imeili tena. Karatasi ilisema saa 8 na nusu. Tulianza saa 6 usiku, mlango wa barua umefungwa vizuri ili zisubiri kwenye foleni huko zinakotoka, kila kitu shwari, halafu kama saa 7 hivi spidi ya diski ikaporomoka. Tukakagua mtandao, tukakagua kebo, hakuna kitu. Saa 8 na dakika 20 mwenzangu akafungua hali ya RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, akacheka kwa hasira. Ilikuwa usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya mwezi, na Debian za zamani (Debian ndo mfumo unaoendesha seva zetu) usiku huo saa 6 na dakika 57 huanza zenyewe kukagua diski zote. Miaka yote naijua, na nikapanga kazi usiku uleule! Tukausimamisha ukaguzi, spidi ikarudi, na moyo ukaanza, twende, bado kidogo. Mwenye karatasi akasema saa 8 na nusu hiyo, geuza. Nikakasirika kabisa, sitaficha. Nikageuza.

Tulipofungua mlango wa seva ya zamani nilikaa naangalia logi, barua zilizokuwa kwenye foleni huko duniani zikaanza kuingia, moja, tatu, halafu zikamiminika mistari inapita hata huwezi kusoma. Kwetu hakuna hata 550 moja iliyotokana na kazi ile.

Jumatano tulirudi, tukamaliza kwa dakika 40.

Yule mteja nilimjibu, "Tuligeuza saa 8 na nusu kama tulivyopanga." Kanijibu kwa dole gumba. Sijui kaelewa au kanidharau. Mwezi ujao tunahamisha hifadhidata, karatasi iko mezani imeandikwa saa 9, na kwenye kalenda Jumapili ya kwanza nimeizungushia duara jekundu.