Mnaoanza Kuchapa Vitabu vya Mazoezi, Anzeni na Penseli

Kila Novemba ni yaleyale. Maboksi yanashushwa stendi za Iringa, Makambako na Mbeya, na ukifungua moja unajua kabla hujafika ukurasa wa tatu: jalada linang'aa, mtoto wa kwenye picha anacheka, na ndani hakuna mahali pa kuandika. Wadogo zetu, wengi wenu ni walimu na kufundisha mnakujua. Ila kitabu cha mazoezi kinaandikiwa ndani, na anayeandika ni mtoto wa miaka sita aliyekamata penseli kama mpini wa jembe. Huyo ndiye anayeamua gramu za karatasi (yaani uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi hiyo), aina ya kubana, ukubwa wa mistari na hata bei. Mkimsahau, mtauza kwa shangazi zenu tu.

1. Msibane kwa gundi.

Tutakaa hapa kidogo, maana hili ndilo linalomaliza mitaji ya watu. Mnapenda gundi kwa sababu inaleta mgongo, na mgongo unabeba jina la mwandishi. Kikisimama kwenye shelfu kinaonekana kitabu cha maana. Sawa. Sasa kipelekeni darasani. Mtoto anakifungua, kinajifunga. Anakikandamiza kwa kiwiko cha kushoto huku akiandika kwa mkono wa kulia. Akihama mkono, kinajifunga tena. Kurasa za kushoto, maswali yanaishia kwenye bonde la katikati ambako penseli haifiki, kwa sababu aliyepanga kurasa aliacha pambizo ya milimita 10 pande zote, na karibu zote za upande wa ndani zimemezwa na gundi. Mwalimu, kwa nia njema, anawaambia watoto wakunje kitabu nyuma ili kilale. Hapo gundi inapasuka. Ikifika Juni na Julai, baridi ya Njombe na Makete inaikakamaza zaidi, na kurasa zinaanza kudondoka mojamoja kama majani ya mparachichi mgonjwa. Muhula wa pili ukianza, mzazi anakuja na kitabu mkononi na kurasa kumi na mbili kwenye mfuko wa rambo, anauliza nani alimuuzia.

Dawa ni pini mbili katikati. Kitabu kinalala chenyewe, na gharama inashuka. Pini nazo zina masharti. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: ukipeleka 62, utapewa mbili tupu au dizaina atazijaza na tangazo lake. Ukizidi kurasa 80 hivi za karatasi ya gramu 80, kitabu kinatuna kama andazi, na karatasi za katikati zinasukumwa nje. Mkasi wa kiwanda ukipita, unakata namba za kurasa na wakati mwingine mwisho wa maswali. Acheni pambizo ya milimita 15 nje, na 20 ndani.

Mna kurasa 96? Gawanyeni: Muhula wa Kwanza kurasa 48, Muhula wa Pili 48. Mzazi analipa kidogo mara mbili, na mtoto aliyepoteza kimoja hajapoteza mwaka mzima. Hesabu yake ni nyepesi. Kurasa 48 za A4 ni karatasi 12 za A3 zilizokunjwa. Nakala 1,000 ni karatasi 12,000, yaani rimu 24. Ongezeni asilimia 5 ya zitakazoharibika, ziwe 25 na kidogo. Kila nakala, pamoja na jalada la gramu 250, ina uzito wa gramu 150 hivi. Mzigo mzima ni kilo 150, na hiyo ndiyo namba ya kumpa wakala wa basi, siyo "maboksi machache tu kaka".

2. Karatasi: gramu 80 isiyong'aa, basi. Gramu 60 haihimili raba. Mtoto akifuta mara mbili anatoboa, na jibu la ukurasa wa 5 linasomeka ukurasa wa 6. Inayong'aa ndiyo mbaya zaidi, maana penseli inateleza na kiganja chenye jasho kinafuta kila kitu.

Mkishakubaliana gramu 80, pimeni. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5. Chomoeni karatasi 10 za A3, sawa na 20 za A4, kwenye nakala ya kwanza iliyobanwa, ziwekeni kwenye mizani ya kidijitali: zikisoma 100, lipeni, zikisoma 75, mmepewa gramu 60 kwa bei ya 80. Fanyeni hivyo kabla maboksi hayajafungwa, maana basi likishapita Mikumi hamna tena cha kudai. Na msije na ile hoja ya kwamba kiwanda cha karatasi cha Mgololo kiko hapa Mufindi kwa hiyo karatasi iwe rahisi. Kiwanda kile kinatoa karatasi za kahawia za mifuko na vifungashio. Mkitaka kuchapa magunia, karibuni.

3. Kiolezo cha bure cha Kiingereza hakitafsiriki.

Abjadi ya Kiswahili haina Q wala X, na C haitembei bila H. Bado kila mwaka kinatoka kitabu chenye ukurasa "X ni ya ..." na mistari minne mitupu, mtoto ajaze. Ajaze nini? Kusoma kwetu kunaanzia kwenye silabi: ba, be, bi, bo, bu. Mkimpa mtoto herufi peke yake kurasa ishirini, mwalimu wa la kwanza anakiweka kando.

Kuna ukurasa wa irabu tunaoujua kwa macho: a e I o u. Hiyo ni kompyuta iliyowekwa Kiingereza. Ikiona i iko peke yake inaipandisha kuwa kubwa, na hakuna aliyesoma tena. Zimeni masahihisho ya moja kwa moja kabla ya kuandika neno la kwanza. Angalieni pia alama ya ng': kwenye "ng'ombe" mkia uwe kama wa tisa, siyo wa sita, na programu isikate neno katikati ya n na g.

Saa ndiyo balaa. Mshale mfupi ukiwa kwenye 8, mtoto wa Uyole anasema saa mbili, na yuko sahihi. Ukurasa wa majibu uliotafsiriwa harakaharaka unasema saa nane. Mwalimu asiye makini analikosesha darasa zima.

4. Mistari ya la kwanza iachane milimita 10 hadi 12. La tatu, 8 inatosha. Herufi za kufuatishia zichapwe kwa nukta za kijivu cha asilimia 30 au 40. Chini ya hapo zinapotea. Maandishi yote yawe wino mweusi mtupu, maana mkiacha rangi nne zichanganyike, pleti (bamba la kuchapia) ikisogea kidogo kila herufi inapata kivuli chekundu.

5. Jaribuni kwa watoto watano kabla ya pleti. Kaeni kimya, tazameni wanakwama wapi.

6. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Hakimiliki ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ithibati inapitia Taasisi ya Elimu Tanzania, na mpaka muipate msiandike "kimeidhinishwa" kwenye jalada. "Kimezingatia mtaala mpya" nayo iandikwe na aliyeufungua huo mtaala. Umeanza Januari 2024 kwa Awali, la kwanza na la tatu, na msingi unakuwa miaka sita. Walioanza la tatu 2024 wanamaliza la sita 2027, mwaka uleule wa darasa la saba la mwisho. Mwenye mpango wa kuchapa nakala 3,000 za "Mazoezi ya Darasa la Saba" apige hesabu hiyo kwanza.

7. Mauzo. Shule za serikali ni elimu bila ada tangu 2016, kwa hiyo msimbane mwalimu mkuu awalazimishe wazazi, mtamponza. Soko ni shule binafsi na steshenari, kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya pili ya muhula. Kwa hiyo faili liwe kiwandani Septemba. Mzigo unaofika Februari ni wa mwakani, na masika ya Tukuyu hayasubiri: boksi liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ndani ya nailoni.

Mali kauli haikwepeki. Iwe Mwanjelwa ya Mbeya au Miyomboni ya Iringa, mwenye duka hatoi hela ya kitabu asichokijua. Mwacheni nakala 10, siyo 100. Andikeni kwenye daftari la nakala mbili: idadi, bei, tarehe ya kurudi, saini. Rudini wiki ya mwisho ya Januari, hesabuni zilizobaki kwenye shelfu kwa mikono yenu, mchukue fedha za zilizouzwa na kuondoka na zilizobaki. Akiwaambia mwenye hela amekwenda Tunduma, mwambieni mtamsubiri hapohapo, na muulize kiti kiko wapi.