Zulia la Kitibeti la marehemu baba: nitajuaje umri wake, na je, naweza kulifua?

SWALI: Marehemu baba alinunua zulia dogo mjini Kathmandu mwaka 1986. Lina sentimita 88 kwa 170, lina majoka mawili juu ya buluu iliyokolea, na limeshonewa kitambaa chekundu pembeni pande zote. Muuzaji alimwambia kuwa limetoka Tibet, limepita miaka mia moja na limetiwa rangi za mimea. Rafiki yangu anayeuza mazulia ya Kiajemi aliligeuza, akasema mafundo yake ni machache mno na kwamba halikufungwa kwa mkono. Nimwamini nani? Na je, naweza kulifua?

JIBU: Pole kwa kuondokewa na mzee. Rafiki yako hana nia mbaya, ila amelipima zulia la Tibet kwa kipimo cha Uajemi. Fundi wa Kiajemi hufunga fundo, akakata uzi, ndipo aanze la pili. Mfumaji wa Kitibeti hulaza ufito mbele ya nyuzi za mtande (zile za wima zilizotandwa kwenye kitanda cha mfumi), akapitisha uzi wa sufu nyuma ya mtande mbilimbili na kuuzungusha kwenye ufito huo, akiendelea bila kukata mpaka rangi ibadilike. Mstari ukikamilika, hupitisha kisu juu ya ufito, na vitanzi vyote hufunguka kwa mkupuo mmoja vikawa manyoya. Kazi hiyo yote ni ya mkono. Ukipanua manyoya kwa vidole mahali penye rangi moja, utaona mistari iliyonyooka kama matuta ya shamba. Uchache wa mafundo nao si kasoro: hata mazulia mapya ya Nepal, yanayofumwa kwa mbinu hiyohiyo, huuzwa kwa madaraja ya mafundo 60, 80 au 100 kwa inchi moja ya mraba, idadi ambayo muuza mazulia ya Kiajemi angeicheka.

Vipimo ulivyotaja ni vya khaden, yaani zulia la kukalia mchana na kulalia usiku, ambalo kwa kawaida hukaribia sentimita 90 kwa 180. Majoka hayatakusaidia kukadiria umri, kwa kuwa mchoro huo uliotoka China umefumwa Tibet kwa vizazi vingi na unafumwa hadi leo. Kitambaa chekundu ni desturi ya Kitibeti, lakini huchakaa na kubadilishwa, kwa hiyo huenda kikawa kipya kuliko zulia lenyewe.

Mimi ningeanzia chini ya kitambaa hicho. Fumua mishono michache upande mmoja mfupi, kiasi cha kuingiza kidole, uangalie ncha za mtande. Ukipata kipande cha uzi kilichokwisha kukatika chenyewe, kichome kwa kiberiti mbali na zulia: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha punje nyeusi inayosagika, ilhali pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Mtande wa sufu ni dalili nzuri ya ukale, ingawa hautoshi peke yake. Mtande wa pamba hauzuii zulia lako kuwa la Tibet, kwa sababu pamba ilitumika huko kabla ya 1959, mwaka ambao Watibeti wengi walianza kuikimbia nchi yao. Lakini pia ndio mtande wa kawaida wa karakana zilizoanzishwa na wakimbizi wa Kitibeti nchini Nepal katika miaka ya 1960, kama ile ya Jawalakhel iliyosaidiwa na Waswisi, na zulia la aina hiyo mwaka 1986 lingekuwa bado kijana.

Kuhusu rangi, Watibeti walipata njano kutoka mizizi ya mmea wa rubabu (rhubarb), kahawia kutoka maganda ya jozi, na buluu kutoka nili iliyoagizwa India. Rangi za viwandani ziliwafikia kupitia India kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, hivyo zulia la mwaka 1910 laweza kuwa nazo na likabaki la kale kwelikweli. Linganisha ncha ya manyoya na shina lake: zambarau au chungwa inayong'aa shinani huku nchani imekuwa kijivu, karibu kila mara ni ya kiwandani.

Kulifua, usilifue bado. Lowesha pamba nyeupe kwa maji baridi, ikandamize juu ya kila rangi kwa dakika chache, na usikisahau kile kitambaa. Niliwahi kuletewa khaden iliyotumbukizwa ndani ya beseni la sabuni. Manyoya yalisalimika, lakini wekundu wa pindo ulikuwa umeingia hadi katikati ya uwanja wa njano, na sikuweza kuutoa. Pamba ikipata rangi hata kidogo, mkabidhi mtaalamu. Kwa sasa lifyonze vumbi kwa mashine yenye nguvu ndogo, ukifuata ulalo wa manyoya, upande wa juu na wa chini. Ukiona nondo au mayai yao, lifunge kwenye nailoni isiyopitisha hewa na uliweke ndani ya friza kwa wiki mbili, kisha ulitoe na kuliacha lirudi kwenye joto la chumba kabla ya kufungua nailoni, la sivyo unyevu utatua juu ya sufu.